Mjadala: Gari la barabarani lifungwe mikanda ya rali, au ibaki ile ya kiwandani?

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu amenunua Subaru Impreza ya 2004. Gari safi, injini inavuta vizuri, ila aliyemuuzia alishang'oa mikanda ya mbele ya kiwandani akafunga hanesi ya pointi nne: miwili ya mabegani na miwili ya kiunoni, inakutana tumboni. Mdogo wangu anaipenda mno. Anaenda nayo Dar hadi Morogoro, na shemeji yenu anakaa kushoto kafungwa vivyo hivyo. Nimemwambia arudishe mikanda ya zamani, tumebishana wiki nzima, na hoja zake si za kupuuzwa. Ndiyo maana naleta hapa.

Hoja yake kubwa ni hii: madereva wa Safari Rally kule Naivasha wanabingirika na gari, wanatoka wakitembea. Wamefungwa nini? Hanesi. Kwa hiyo hanesi ni bora kuliko mkanda wa kawaida.

Mimi nasema yule dereva wa Naivasha hakuokolewa na hanesi peke yake. Tuanze na hesabu. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likasimama ndani ya nusu mita, mwili wako unavutwa kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wako. Mtu wa kilo 75 anaulalia mkanda kama mzigo wa tani moja na nusu. Hiyo ni 50 tu, na barabara ya Chalinze hakuna mwenye Impreza anayekwenda 50. Nguvu hiyo lazima ipite mahali mwilini, na ubishi wote huu ni kuhusu ipite wapi.

Mkanda wa pointi tatu, ambao mhandisi Nils Bohlin wa Volvo aliutoa mwaka 1959, unaipitisha kwenye mifupa migumu: nyonga, kidari na mtulinga wa upande mmoja. Bega la pili linabaki huru. Wengi wanaona huo ni upungufu, lakini ndiyo unaoruhusu kiwiliwili kwenda mbele kidogo pamoja na kichwa, vikutane na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kwenye magari kama hili la mdogo wangu kuna pia baruti ndogo inayovuta mkanda ukaze mara gari linapogonga, halafu kuna kifaa kinachouachia kidogo kidogo ili usivunje mbavu. Eabegi imepigiwa hesabu ikiutegemea mkanda huo.

Sasa funga mabega yote mawili. Kifua kimebaki kwenye kiti, kichwa kinaendelea na safari. Kichwa cha kilo tano hivi, kwa nguvu ile ile ya mara 20, ni kama kilo 100 zinazoning'inia shingoni. Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, alikufa hivyo tarehe 18 Februari 2001 kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500. Alikuwa na hanesi, helmeti na kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisibonyee. Ajali yenyewe kwa macho haikutisha sana. Fuvu lilivunjika chini, pale linapokaa juu ya shingo. Hakuwa amevaa HANS, ile kola inayoshikiwa na mikanda ya mabega na kufungwa kwenye helmeti. Mwaka huo huo NASCAR wakalazimisha madereva kuvaa kifaa cha kushika kichwa na shingo, na Formula 1 wakaifanya HANS kuwa lazima 2003. Watu wa mbio wenyewe walijifunza kwa misiba kwamba mabega yakifungwa, kichwa nacho lazima kishikwe.

Jambo la pili ni tumbo. Mikanda ya mabega ikivutika inanyanyua kile kifungio cha katikati, na mkanda wa kiunoni unapanda kutoka kwenye nyonga hadi tumbo laini. Mtu anateleza chini yake. Hapo kinachobeba ile tani moja na nusu ni utumbo, ini na bandama. Hanesi za mashindano zina mikanda inayopita katikati ya mapaja kuzuia hilo. Hii ya mdogo wangu haina.

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeandika kama vile mkanda wa kiwandani hauna madhara. Dada yangu alivunjika mtulinga na mbavu mbili kwa mkanda huo huo unaousifia. Halafu kuna udhibiti wa gari. Shuka Kitonga na gari lenye nguvu uone, kwenye kona unaning'inia kwenye usukani ili usitoke kwenye kiti. Hanesi inakushika, mikono inafanya kazi ya kuendesha tu. Dereva aliyeshikwa vizuri hapati ajali kirahisi. Mbona hilo hulihesabu?

Mleta mada

Dada yako pole yake, na nafurahi tunamzungumzia akiwa hai. Mtulinga unaunga. La kona nakubali, hanesi inakushika kuliko mkanda wowote. Lakini dawa ya kuteleza kwenye kona ni kiti chenye mbavu za pembeni, na mkanda wa kiwandani ukabaki pale pale.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni muuguzi wa dharura, nitasema ninachokiona. Kwetu wa kwanza kufika kwenye ajali ni bodaboda, mama muuza mahindi, utingo wa lori. Wote wanajua kitufe chekundu pembeni ya kiti. Kile kifungio cha hanesi cha kuzungusha wangapi wanakijua? Usiku, gari liko miguu juu, petroli inanuka, na majeruhi hawezi kusema.

Mchangiaji wa 3

Nimekuwa navigeta, yule anayekaa pembeni ya dereva wa rali akimsomea njia, miaka kadhaa, na mleta mada kaacha kitu kikubwa: namna ilivyofungwa. Muulize mdogo wako mikanda ya mabega imeishia wapi. Nina hakika imeshuka nyuma ya kiti na kukazwa sakafuni, kwenye bolti za mikanda ya abiria wa nyuma. FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, wanataka mikanda hiyo isishuke kwa zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa, na wanapendekeza isizidi 10. Ikishuka wima, wakati wa kugonga inakukandamiza mabega kuelekea chini na kubana pingili za mgongo. Pia atakayekaa nyuma hana mkanda tena.

Na msikimbilie kusema basi afunge na kizimba. Bila kizimba, gari likibingirika paa linashuka na wewe umenyooshwa wima, huwezi hata kuinama pembeni. Ukiweka kizimba kwenye gari la mtaani, una bomba la chuma sentimita chache kutoka kwenye kichwa kisicho na helmeti. Sisi tunavaa helmeti. Nani atavaa helmeti kwenda Kariakoo?

Mchangiaji wa 4

Na sisi wenye magari ya zamani? Corolla yangu KE70 haina eabegi, haina baruti, mikanda imechakaa haijirudishi. Kwangu mimi hanesi mpya si afadhali?

Mchangiaji wa 3

Hapana, ndugu. Funga pointi tatu mpya ya kujivuta, kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Hanesi ina tabia moja: ikikazwa sawasawa hufikii redio, huwezi kugeuka kuangalia njia panda. Ndani ya siku tatu utailegeza, na hanesi iliyolegea inakuacha upate mwendo kwanza ndipo ikudake. Ya kujivuta inakufuata mwenyewe.

Mleta mada

Nimerudi. Jana jioni nililala chini ya kiti na tochi. Navigeta yuko sahihi, mikanda ya mabega imekazwa sakafuni, karibu wima. Na nembo yoyote ya FIA sikuiona, wala tarehe. Nimeipiga picha nikamwonyesha mdogo wangu, na kumsomea ujumbe wa muuguzi. Kilichomgusa si mimi, ni pale alipowaza mkewe yuko kushoto na watu waliokuja kuokoa hawajui kifungio kile. Amekubali hanesi itoke. Ataihifadhi kwa ajili ya gari la mashindano, kama siku moja atalijenga kamili.

Tatizo jipya: mikanda ya awali haipo. Kesho tunakwenda Gerezani kutafuta ya mtumba, na hapo naomba mnisaidie. Najua ile baruti ikishalipuka hairudi, na mkanda uliotoka kwenye gari lililogonga umeshavutika hata kama kwa macho ni mzima. Nitauvuta wote hadi mwisho kuangalia nyuzi, na nitakataa uliotoka kwenye gari ambalo eabegi zimefumuka. Je, kuna mwenye kufahamu namna nyingine ya kujua kabla sijatoa hela? Na fundi gani wa umeme Dar anaweza kusoma kompyuta ya eabegi baada ya kufunga? Ile taa kwenye dashibodi inawaka tangu gari liliponunuliwa, na sitaki mdogo wangu aendeshe gari hilo kwenda Morogoro tena kabla taa haijazimika kwa haki.