Hisabati ya sekondari kwa mtoto anayesomea nyumbani: tuchague programu ipi?

Mama wa Uyole

Wazazi wenzangu, habari za baridi. Binti yangu ana miaka 14. Alianza kidato cha kwanza, akafanyiwa upasuaji wa mguu, bweni likawa haliwezekani tena. Tangu Januari anasomea nyumbani hapa Uyole. Kiswahili, Historia na Baiolojia namsimamia mwenyewe na tunakwenda vizuri. Hisabati imenishinda. Mimi niliishia kwenye logarithimu, na hata hizo nilikariri tu.

Nimeziangalia programu nne za mtandaoni: Khan Academy, Shule Direct, Teaching Textbooks ya Marekani, na Art of Problem Solving ambayo jirani yetu anaisifia sana. Tuna kompyuta mpakato ya zamani na bando la simu. Umeme mnaujua wenyewe. Nataka aelewe anachosoma, na mwisho apate cheti kinachotambulika. Nisaidieni kabla sijatoa hela, maana nilishaumia mara moja: kuna kozi nilijitoa, wakaendelea kunikata kwenye kadi miezi mitatu mfululizo.

Baba Tukuyu

Mugonile mama, pole kwa mwanetu. Kwangu wamepita wawili Khan Academy. Ni bure kabisa, chini ya shirika lisilotafuta faida. Ninachoipendea ni kwamba mtoto anaweza kurudi nyuma bila aibu. Mkubwa wangu alikuwa anahangaika na milinganyo, kumbe tatizo lilikuwa hesabu za sehemu za darasa la tano. Tukarudi huko wiki sita, hakuna aliyemcheka, alipopanda tena alipanda kweli.

Vidio unazipakua kwenye programu ya simu mapema. Huku mvua ikianza na radi, mtandao unapotea mchana mzima, kwa hiyo sisi tunapakua alfajiri.

Tatizo ni mpangilio wake. Umefuata Marekani: aljebra ya kwanza, halafu jiometri, halafu aljebra ya pili. Mada za kidato cha pili cha kwetu unazikuta zimetawanyika kwenye kozi tatu. Inabidi mzazi akae na muhtasari wa somo wa kwetu mkononi, amwambie leo fungua hapa, kesho pale.

Mwalimu Kihesa

Kamwene dada. Nimefundisha Hisabati miaka mingi, naomba nianze upande wa pili: binti atafanya mtihani gani? Ukilijua hilo, nusu ya maswali yako yameisha.

Kama ni wa Baraza la Mitihani, karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne imekuwa na maswali 14 kwa saa tatu. Sehemu A maswali kumi ya alama sita sita, sehemu B manne ya alama kumi kumi. Yote ya lazima. Kikokotoo hakiruhusiwi, anaingia na kijitabu cha majedwali ya hesabu cha Baraza. Sasa fikiria mtoto aliyesoma miaka minne kwenye programu inayomwambia "tumia kikokotoo" kila akifika kwenye sine na kosine. Siku ya mtihani anashikilia jedwali la logarithimu kama mgeni aliyepotea stendi.

La pili linaniuma zaidi. Hizi programu zinapokea jibu. Unaandika 12, inakuwekea tiki. Msahihishaji anataka njia. Nimeona watoto wenye akili nyingi wanaandika jibu sahihi peke yake kwenye swali la alama sita. Ukichagua programu yoyote, nunua na daftari la mistari, kila zoezi aandike hatua zote kwa kalamu ndipo abonyeze jibu.

La tatu, kuna mada hutazikuta kwenye kozi hizo za Kimarekani. Dunia kama tufe, ile ya kutafuta umbali wa miji miwili kwa latitudo na longitudo. Na hesabu za biashara: leja, urari, faida na hasara. Hapo ndipo Shule Direct inakuwa na faida, maana imeandaliwa kwa muhtasari wa Tanzania. Maelezo yake ni mafupi, mazoezi si mengi kama Khan, lakini mada zimekaa kwa mpangilio anaotahiniwa. Vitabu vya kiada navyo vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 unaingia kwa awamu, kwa hiyo hakikisha unashika muhtasari wa mwaka wake yeye, usichukue wa kaka zake.

Mzazi wa Njombe

Teaching Textbooks tuliitumia mwaka mzima. Kwa mzazi asiyejua hesabu ni raha: inafundisha, inasahihisha, mtoto akikosea inamfafanulia hatua kwa hatua, na alama zote unaziona. Lakini ni ya kulipia kwa dola. Mifano imejaa inchi, futi na galoni, mwanangu akawa anauliza galoni moja ni madumu mangapi. Kwa maoni yangu pia ni nyepesi. Alikuwa anapata tisini huko, nikampa mtihani wa zamani wa kidato cha pili akapata ishirini na kitu. Nililia siku hiyo, sikufichi.

Sasa tuko kwenye Kolibri. Ni bure, unaiweka kwenye kompyuta, unapakua masomo mara moja sehemu yenye intaneti nzuri, ukirudi nyumbani inafanya kazi bila mtandao. Vidio na mazoezi mengi ya Khan yamo humo. Menyu unaweza kuiweka Kiswahili. Hiyo kompyuta yako ya zamani ijaribu kwanza kabla ya kununua chochote.

Kijana wa Iyunga

Shikamooni wakubwa. Kuhusu Art of Problem Solving, jirani hajakosea, ila inategemea mtoto. Madarasa yao ya moja kwa moja hayana sauti wala picha, mwalimu na wanafunzi wanaandikiana tu, kwa hiyo bando linatosha. Ila darasa linaloanza saa moja na nusu jioni kwa saa za New York, huku ni saa nane na nusu au tisa na nusu usiku. Na ada ni kubwa.

Wana kitu kinaitwa Alcumus, hicho ni bure. Maswali yake magumu na matamu. Nilikitumia nikiwa kidato cha tano, ndicho kilinifundisha kukaa na swali moja jioni nzima. Kwa anayejenga msingi bado, angoje.

Mama Gangilonga

Mbona hakuna anayetaja Cambridge, ile mitihani ya kimataifa ya Uingereza? Hisabati ya IGCSE, cheti chao cha sekondari, mtoto anaweza kuifanya kama mtahiniwa binafsi kwenye kituo kilichosajiliwa. Tangu 2025 kuna karatasi isiyoruhusu kikokotoo na nyingine inayoruhusu, na ukihitaji kuendelea na elimu hapa, Baraza linafanya ulinganifu wa vyeti.

Mwalimu Kihesa

Kweli mama, ni njia halali. Ila ada ya mtihani unalipa kwa kila somo, na si kila kituo kinapokea mtoto wa nje. Piga simu kwanza.

Mama wa Uyole, kwa njia ya Baraza, asiyewahi kufanya kidato cha nne anatakiwa afaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, QT, ndipo asajiliwe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizia mapema, usingoje dirisha la usajili likaribie kufungwa.

Na pakua uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwenye tovuti ya Baraza. Wanaonyesha swali kwa swali, jibu zuri na jibu bovu, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe.

Mama wa Uyole

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, na binti kasoma. Yeye anataka Baraza, anasema anataka mtihani uleule wanaofanya wenzake. Basi tunaanza na Kolibri na Shule Direct, na daftari. Jumamosi nashuka Mwanjelwa kutafuta majedwali. Mwalimu, aanze kuyasoma sasa au angoje kidato cha pili?

Mwalimu Kihesa

Aanze na namba za kawaida kwanza, kuzidisha na kugawanya kwa mkono, kila siku maswali matano. Majedwali myaweke mezani ayazoee kwa macho. Akifika kwenye logarithimu nitafute hapa hapa, nitamwandikia mfano wa kwanza hatua kwa hatua.