Aliyenikatia sebene ya Mario kwenye flashi, Mungu anamwona

Wakuu salaam. Najua mtasema mtu mzima kugombania nyimbo ni utoto. Semeni tu, leo nalitoa.

Juzi nilikuwa na safari ya Dar kwenda Morogoro na mama watoto. Nikapita kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo (jina nalihifadhi, hata mtaa), nikaacha flashi ya GB 16 na karatasi yenye albamu tano nilizoandika kwa mkono wangu. Nikamkazia kijana: nzima nzima, kwa mpangilio wake. "Haina shida mshua, pita baada ya saa moja." Elfu tano yangu ikaenda. Na nyie wa "ungenunua halali", nawaona mnakuja. Nionyesheni duka.

Kibaha tumeiacha, nikaweka Exodus ya Bob Marley. Mzee alipigwa risasi Kingston Desemba 1976, akaenda London, na mwaka uliofuata akatoa hiyo kitu. Upande wa kwanza ni wa mtu ambaye kidonda bado kinamuuma. Mapenzi na vindege vimewekwa upande wa pili. Inafunguliwa na Natural Mystic, inayokuja kutoka mbali, unaongeza sauti ukidhani redio mbovu, mara besi hiyo hapo kifuani. Sasa flashi yangu ikaanza na Exodus yenyewe, ikaja Guiltiness, ikaja Jamming. Kumbe kijana kafuta namba, redio inapanga kwa alfabeti! Natural Mystic ikatokea ya nne, kama mgeni rasmi aliyefika watu wameshakula.

Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959, ina vipande vitano tu. So What, ile ambayo besi inauliza halafu tarumbeta na saksafoni zinajibu, ndiyo mlango wa kuingilia. Humu ikawa ya mwisho. Mama watoto akasema yote inafanana na muziki wa kusubiri kwenye simu, lakini hilo ni shauri letu la ndani.

Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, 2001. Mgombea wa kwenye Ndio Mzee anamwaga ahadi, wananchi wanaitikia, na hapo hapo linaingia lisauti: "Kwa nyimbo zote kali, tupigie..." likataja na namba! Kila baada ya dakika. Ilifika mahali simtofautishi mgombea na mwenye kibanda. Taarabu ya Culture Musical Club ndiyo sitaki hata kuizungumzia: fidla na ganuni za mwanzo zimefyekwa, mwimbaji anaanza kama aliyesukumwa jukwaani.

Hayo yote nilimeza. Tumekaribia Chalinze, nikaweka Mario ya Franco na TPOK Jazz, 1985. Wenye umri wangu mnaelewa. Franco anamsema yule kijana anayelelewa na mama mwenye pesa (mpaka leo mtaani tunamwita marioo), anamsema taratibu, kama mjomba kwenye kikao cha ukoo, na wewe unavumilia lawama zote kwa sababu unajua sebene, pale magitaa yanapotawala, inakuja. Magitaa yakifunguka, moja linashona, lingine linafumua, bega linacheza lenyewe hata kama umeshika usukani. Wimbo unapita dakika kumi na wala huoni. Nimekaa mkao, vidole viko kwenye usukani vinasubiri... kimya. Umekatwa! "Kwa nyimbo zote kali, tupigie..." Nilisimamisha gari pembeni. Mama watoto alidhani pancha.

Niliporudi nikamfuata. Unajua alinijibu nini? "Mshua, ile mbele si inajirudia tu? Nimekuachia penye wimbo. Watu siku hizi dakika tatu wameshachoka."

Dakika tatu! Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay 1928, sahani ya santuri ilibeba kama dakika tatu kila upande, basi bibi wa watu akabana mashairi yake yakaenea. Alibanwa na sahani. Flashi ya GB 16 iliyobaki tupu zaidi ya nusu imembana nani?

Hela hajarudisha. Mwenye Mario kamili, haijaguswa, anitumie ujumbe. Elfu tano nyingine ninayo, flashi naleta mwenyewe, na nakaa hapo hapo naisikiliza mpaka gitaa la mwisho ndiyo nalipa.