Saratani ya koo: inaanzia wapi, inasambaaje, na T3 N1 M0 maana yake nini?

Mhudumu wa Chilonwa
Habari wakuu. Huku Chamwino mtu akikaukiwa sauti, wa kwanza kulaumiwa ni vumbi la kiangazi, wa pili ni kimeo. Baadaye anarudi kutoka hospitali na karatasi: saratani ya koo, T3 N1 M0, na familia inamgeukia mhudumu wa afya awafafanulie. Naomba kueleweshwa. "Koo" hapo ni sehemu gani hasa? Ugonjwa unasogeaje? Na kwa nini wengine wanagundulika mapema na wengine wanafika umeshatapakaa?

Koromeo
Mkuu, naanza na la mwisho, maana hayo mengine yanategemea hilo. Kinachoamua ni mahali uvimbe ulipoanzia.

Tukisema koo tunachanganya vitu vitatu. Kuna zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Kuna koromeo, njia inayoshuka kutoka nyuma ya pua na mdomo. Halafu umio, bomba la chakula kwenda tumboni, ambao madaktari huuhesabu peke yake, ingawa mgonjwa wake naye atakwambia chakula kinakwama kooni. Mtu ambaye ugali haupiti, uji unapita, na sauti yake ni nzima, fikiria umio kwanza.

Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili za sauti. Uvimbe wa punje ya mtama juu ya uzi mmoja unatosha kuifanya sauti iwe ya mikwaruzo. Tena nyuzi hizo zina mishipa michache sana ya limfu, ile midogo inayopeleka majimaji ya mwili kwenye tezi, kwa hiyo ugonjwa hukaa hapohapo kwa muda kabla ya kuhamia shingoni. Huyo ndiye anayewahi, ikiwa tu atachunguzwa.

Uvimbe ukianzia juu ya nyuzi, au chini kwenye koromeo, mambo hugeuka. Sauti inabaki nzuri, limfu ni nyingi, na mara nyingi dalili ya kwanza ni tezi ngumu shingoni isiyouma. Au sikio la upande mmoja linauma, ukilimulika ni zima kabisa: neva inayohudumia zoloto ina tawi sikioni, ubongo unakosea chanzo. Watu hutiwa dawa za matone miezi kadhaa kwa sababu hiyo.

Herufi sasa, kwa uvimbe wa nyuzi za sauti: T ni uvimbe wenyewe, N ni tezi za shingo, M ni kusambaa mbali. T1 uko kwenye nyuzi tu na nyuzi zinacheza kawaida. T2 umepanda juu au umeshuka chini ya nyuzi, au uzi unacheza kwa shida. T3 uzi umeganda, hausogei. T4 umetoboa gegedu, yaani mfupa laini wa zoloto, na kutoka nje. N1 ni tezi moja yenye saratani, upande uleule wa uvimbe, isiyozidi sentimita 3, na ugonjwa haujapasua ganda lake. M0 haujafika mbali. Ukifika mbali, mara nyingi huanza na mapafu, ndiyo maana kifua nacho hupigwa picha. Kwa hiyo T3 N1 M0 ni hatua ya tatu. Bado inatibiwa kwa nia ya kuponya, waambie hivyo bila kusita.

Mionzi na Dozi
Naongezea upande wa tiba, kwani hapo ndipo watu wa kwetu hupotelea.

T1 mara nyingi hutosha mionzi peke yake, kwa mfano mara 33, grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kila mara, siku tano kwa wiki. T3 kwa kawaida ni mara 35, jumla grei 70, pamoja na sisplatini, dawa ya saratani ya kudungwa kwenye mshipa, kama figo zinaruhusu. Hiyo ni wiki saba za kukaa Dar kwa ajili ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, au Mwanza kwa ajili ya hospitali ya Bugando. Familia ipange malazi ya wiki saba tangu mwanzo, isipange ya wiki mbili. Wiki ya pili au ya tatu vidonda vya koo vinaanza, mgonjwa anasema dawa inamuua, anapanda basi kurudi Dodoma. Zile seli zilizobaki huzaliana kwa kasi zaidi wakati huo, na siku zilizorukwa hazirudishiki kirahisi.

Kabla ya kuanza, aonwe na daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe, kidonda kipewe kama wiki mbili kupona. Ukiling'oa baada ya mionzi, mfupa wa taya unaweza kukataa kupona.

Chakula: mlenda wenye karanga zilizosagwa vizuri ni kitu cha maana sana hapa, unateleza na una nguvu. Pilipili na ndimu viwekwe kando. Akishindwa kumeza, mpira wa kulishia wa puani uwekwe mapema, asisubiri akonde. Sigara aache hata kama tiba imeshaanza, maana inapunguza oksijeni kwenye uvimbe na mionzi inafanya kazi vibaya. Sigara pamoja na pombe madhara yake huzidishana, hayajumlishwi tu. Ugoro nao si salama, unahusishwa na saratani ya mdomo na ya umio.

Mhudumu wa Chilonwa
Shukrani wakuu. Na kimeo? Na TB?

Koromeo
Kimeo hakihusiki na nyuzi za sauti. Kukikata kunaleta damu, maambukizi, na miezi ya kuchelewa. TB ya zoloto ipo kweli na inafanana sana na saratani, hivyo makohozi yapimwe, lakini kinachotofautisha kwa uhakika ni kukata kinyama cha uvimbe na kukipima maabara. Kanuni yangu: sauti ikikauka zaidi ya wiki 3, hakuna antibayotiki ya mara ya pili. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo aingiziwe kamera.

Akianza kutoa sauti kama mluzi anapovuta hewa, hiyo ni dharura ya saa ileile. Asafirishwe akiwa amekaa, asilazwe chali.

Nesi wa Wodi
Moja tu kwa waliokwisha kutolewa zoloto lote: wanapumua kwa tundu la shingoni, si puani wala mdomoni. Oksijeni iwekwe shingoni. Tundu lifunikwe kitambaa chepesi chenye unyevu, hasa Agosti na Septemba kwenye upepo wetu, la sivyo makohozi hukauka na kuziba njia.