Carmen ampige José risasi? Waliozomea Florence walikuwa na haki?

Pazia Jekundu
Wakuu, hili tuliweke mezani. Januari 2018 jumba la Maggio Musicale kule Florence, Italia, lilipandisha jukwaani opera (mchezo wa kuimbwa) ya Carmen, ya mtunzi Bizet. Mwisho wake unajulikana: nje ya uwanja wa kupigana na fahali, Seville, askari José anamchoma Carmen, mwanamke anayempenda, kisu kwa kuwa kamkataa. Mwongozaji Leo Muscato akaihamishia hadithi kwenye kambi ya Waroma (Wagipsi) mwanzoni mwa miaka ya 1980, José akawa polisi, kisha mwisho akaupindua: Carmen anampokonya José bastola na kumlaza. Jumba likajieleza kuwa haifai watu kupigia makofi mauaji ya mwanamke. Usiku wa kwanza ukumbi ukazomea. Swali ni moja tu: mwongozaji ana ruhusa ya kupindua mwisho wa kazi ya marehemu? Hoja jamani, matusi yabaki mlangoni.

Mla Nota
Hana. Na hoja si heshima kwa marehemu, ni ufundi. Maneno ya mwisho ya opera ile ni ya José: mnaweza kunikamata, mimi ndiye niliyemuua. Atayaimbaje mwenye risasi kifuani? Halafu kisu hakina sauti. Bizet kajenga dakika zile kwa pande mbili: ndani ya uwanja kwaya inashangilia, nje wawili wanavutana, na kila kwaya ikipanda Carmen anataka kukimbilia kule. Anamtupia José pete yake, kisu kinaingia, orkestra inaachia ule wimbo mfupi wa mauti uliokuwa ukimwandama tangu mwanzo. Ukiweka bastola hapo umeongeza ala ya kugonga ambayo mtunzi hakuiandika, tena pahala pabaya kuliko pote. Ila wanaoshangilia "usasa" wengi hawajawahi kufunua ukurasa wa nota, wanasoma vichwa vya habari.

Mtaa wa Pili
Kwa hiyo tiketi inauliza kama unasoma nota? Mlangoni kuna mtihani?

Halafu hii si ile ya Milano, ya mwongozaji mwanamke, misalaba kibao jukwaani?

Roshani ya Juu
Unachanganya mbili. Ya Milano ni La Scala, tarehe 7 Desemba 2009, mwongozaji Emma Dante, orkestra chini ya Barenboim. Dante alizomewa alipotoka kuinama mwishoni, waimbaji wakapigiwa makofi. Ndiyo desturi ya pale: mwongozaji na mbuni wa jukwaa hutoka kwenye pazia usiku wa kwanza tu, na usiku huo wa kwanza ndio ukumbi unawalipa. Ukitaka kumzomea mwongozaji unamsubiri atoke. Ukizomea kabla, unampiga mwimbaji asiyehusika.

Bi Dumbaki
Hayo ya kusoma nota yamenichoma, hebu nijibu. Siti binti Saad hakwenda skuli, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Muziki si karatasi.

Na hao Wataliano wenu adabu hawana. Mtu yuko jukwaani anatoa roho yake, wewe unamlilia "buu" kama ng'ombe? Kwenye taarab wimbo ukikugusa unainuka unakwenda kutuza. Usipokugusa unakaa na soda yako.

Mla Nota
Bi Dumbaki, kwa heshima zote, kutuza ndiko kulikoharibu muziki kwetu. Mwimbaji yuko katikati ya ubeti, anaacha pumzi ili apokee noti. Bora buu, angalau linasubiri wimbo uishe.

Bi Dumbaki
Hujui usemalo, na inaonesha. Hakuna anayeacha ubeti. Unainuka kwenye kiitikio, si kwenye shairi. Unakwenda mbele kwa kucheza, polepole, noti umeinyanyua juu kabisa ili yule unayemkusudia aione. Unampa mkononi au unamwekea, unarudi ulikotoka. Wapigaji wakiona foleni ndefu wanakizungusha kiitikio mara tatu, nne, hata kumi. Anayepiga dumbaki, ile ngoma, ndiye anayechunga, kwani yeye ndiye mwenye ishara ya kurudi kwenye shairi. Kinachoharibika ni pale mpigaji mgeni anaporudi kwenye shairi na watu bado wako njiani. Hapo ndipo unaposikia vurugu, si kosa la tuzo.

Na tuzo si makofi. Unachagua mstari. Ukiinuka kwenye mstari wa hasidi, ukumbi wote umeshajua unamwambia nani. Buu linasema nini? Halina hata jina la mtu.

Mtaa wa Pili
Bibie kamaliza. Zomea ni ujumbe bila anwani 😂

Gari la Moshi
Jameni, mko mbali na swali. Nairobi Januari 2024 wanawake walijaa barabarani kwa sababu ya mauaji haya haya ya wanawake. Ile hoja ya jumba ina uzito, hata kama bastola ni wazo bovu.

Mla Nota
Hakuna anayepinga maandamano. Lakini José hapigiwi makofi kwa kuua. Tunampigia tenori, yule mwanamume wa sauti ya juu, aliyeimba usiku ule. Ukishindwa kutenganisha hayo mawili, kesho utazuia na Othello anayemuua mkewe.

Fundi wa Taa
Wote mmesahau jambo ambalo ndilo lililochekesha watu: usiku ule wa Florence bastola iligoma. Carmen anafyatua, kimya, na orkestra haisimami kumsubiri.

Bastola ya jukwaani inagoma kwa sababu chache zinazojulikana. Kwanza, ya kisasa yenye magazini: isipovutwa nyuma kabla, chumba hakina kitu, utafyatua hewa. Pili, kile kitufe cha usalama. Waimbaji wawili wanang'ang'aniana, kiganja kinakisukuma, nani ataona? Tatu, kiberiti cha ganda kikipata unyevu, pini inagonga na hakiwaki. Ndiyo maana wazee wa jukwaa wanapenda bastola ya mzinga, ile ya silinda inayozunguka: ikigoma, vuta tena, ganda jingine linajileta.

Na huwezi kumwachia mwimbaji peke yake. Pembeni, nyuma ya pazia, anasimama mtu na bastola ya pili, macho kwenye mkono wa Carmen, si kwenye nota. Ikigoma ya jukwaani, yeye analipua. Wengine wanatumia kitufe cha sauti kwenye spika. Shida yake ni mashaka ya nusu sekunde: akiwahi zinalia mbili, akichelewa José ameshaanguka mwenyewe. Kicheko ni kile kile.

Pazia Jekundu
Kwa hiyo waliozomea walizomea bastola au wazo?

Fundi wa Taa
Vyote vilichanganyika, ndiyo hasara yake. Na msilichezee ganda la baruti tupu kwa kuwa halina kichwa cha risasi. Kile kizibo na moshi wa moto vinatoka kwa nguvu. Kule Macerata 1995 tenori alijeruhiwa mguu kwenye opera ya Tosca, mbele ya bunduki za kuigizia. Unalenga pembeni ya mwili, kuelekea nyuma ya jukwaa, watazamaji hawaoni tofauti. Na mlio unapita desibeli 140 mahali ulipo, wapiga filimbi walio karibu lazima waambiwe ni ukurasa gani ili wazibe masikio.

Mla Nota
Wazibe masikio huku wakipiga! Ndicho nilichosema. Kisu hakimwambii mtu azibe sikio.

Roshani ya Juu
Mla Nota, unazungumza kana kwamba nota za Carmen ziliteremka mbinguni. Ilifunguliwa Paris, Opéra-Comique, 3 Machi 1875, na Bizet akafa 3 Juni mwaka huo huo. Alichoandika kilikuwa na mazungumzo ya kusemwa. Yale yaliyoimbwa badala yake, ambayo majumba mengi yalipiga kwa miaka na miaka, ni kazi ya rafiki yake Ernest Guiraud, aliyeyatia baada ya mazishi kwa ajili ya Vienna. Mmepindua marehemu zamani sana. Na Opéra-Comique lilikuwa jumba la familia: wanawake kuvuta sigara na kupigana jukwaani, kisha mauaji, watu walikunja uso vile vile.

Mla Nota
Guiraud aliongeza viungo. Hakumbadili aliyekufa.

Mtaa wa Pili
Swali la mjinga: huyu anayepunga fimbo mbele, anaruhusu haya yote? Yeye ndiye kondakta.

Roshani ya Juu
Kondakta wa daladala ana nguvu zaidi, anaweza kukushusha 😄 Huyu wa orkestra anatawala nota, si kisu wala bastola. Ila mwimbaji akijishusha mwenyewe, hapo kuna kazi. La Scala, Desemba 2006, opera ya Aida: tenori Roberto Alagna alizomewa baada ya wimbo wake wa kwanza, akageuka akaondoka. Orkestra haikusimama. Mbadala wake Antonello Palombi alisukumwa jukwaani na nguo zake za kawaida, hana maleba. Ndiyo sababu mbadala wa mwimbaji mkuu anakaa nyuma ya jukwaa, si nyumbani.

Bi Dumbaki
Aida mnayoitaja ilifunguliwa Kairo, 24 Desemba 1871, kwenye jumba la Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Na Kairo hiyo hiyo ndiko, kwa simulizi za Zanzibar, Sultani Barghash alikompeleka Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kwa hiyo msitutenge mbali sana na opera yenu.

Mtaa wa Pili
Taarab ile ya kanuni ilishakufa, sasa ni kinanda na spika. Rusha roho ndiyo Carmen yetu.

Bi Dumbaki
Haikufa, imekosa nauli. Fidla nne, kanuni, udi, nai, akodiani, cello, besi, dumbaki na rika: hao ni watu kumi na mbili, na magari mawili kwa ajili ya besi. Mwenye harusi anauliza bei, anachukua kinanda kimoja na waimbaji wawili. Msiwalaumu wapigaji.

Gari la Moshi
Ndiyo maana ya modern, bana. Hata Florence ni bajeti tu wanaficha.

Mla Nota
Upuuzi. Kugeuza mwisho hakupunguzi hata mpiga fidla mmoja.

Pazia Jekundu
Tunaomba turudi. Nibadili swali: zomea inaruhusiwa lini? London, Covent Garden, Juni 2015, opera ya Guillaume Tell ya Rossini iliyoongozwa na Damiano Michieletto: kwenye ngoma ya sehemu ya tatu, maafisa walimdhalilisha mwanamke uchi, na ukumbi ulizomea muziki ukiwa unapigwa. Maonesho yaliyofuata tukio lile likapunguzwa makali.

Mla Nota
Hapo angalau kulikuwa na mzizi. Kwenye opera yenyewe askari wanawalazimisha wanawake wa Uswisi kucheza nao. Muziki mtamu, kitendo kichafu. Mwongozaji aliufunua tu.

Mtaa wa Pili
Leo Mla Nota kamtetea mwongozaji. Wekeni tarehe.

Bi Dumbaki
Mie nimeusikiliza tena ule wimbo wa mauti wa Carmen. D, C nusu juu, B nusu chini, C nusu juu, A. Hilo pengo la katikati ni la Hijazi, ile ngazi ya nota ya Kiarabu, tena Hijazi ya A kamili. Nani kasema ni ya Wazungu?

Mla Nota
Hilo nakubali. Waliita ngazi ya Kigipsi, lakini pengo ni lile lile.

Bi Dumbaki
Basi ikipigwa kwetu iteremshwe hadi D. Kwa A mwimbaji atabanwa juu, na udi unapendeza zaidi ukiwa na uzi wa D wazi chini yake.

Fundi wa Taa
Na bastola?

Bi Dumbaki
Dumbaki atapiga "dum" moja. Hagomi huyo.