Darasa linanisinzilia nikifika Misri ya kale. Wenzangu mnafanyaje?

Chaki_ya_Lanet
Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha Masomo ya Jamii, sekondari msingi, hapa Lanet upande wa Nakuru. Watoto 52, vitabu 19, na kipindi cha Misri na Mesopotamia (Iraki ya leo) kimewekwa saa nane mchana, baada ya githeri. Mnaijua hiyo saa.

Jumanne iliyopita niliandika ubaoni: Hammurabi, mfalme wa Babeli, sheria 282. Kugeuka, safu yote ya nyuma imelaza vichwa. Kijana mmoja wa dirishani, wala si mtundu, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, hawa watu walikufa kitambo. Sisi wanatuhusu nini?" Nikamwambia itakuja kwenye mtihani. Nilipofika nyumbani jibu hilo likaniuma, maana ndilo nililopewa mimi nikiwa kidato cha kwanza, na nililichukia.

Projekta sina. Simu yangu ina ufa katikati. Mambo ya semina nimeyasikia ya kutosha. Nataka kitu ulichokifanya mwenyewe darasani kikakubali.

MamaDaftari
Pole mwalimu. Anza kwa kuomba ubadilishiwe ratiba. Saa nane hata Farao angesinzia.

Nyar_Dunga
Mimi nilianza na mafunjo. Hapa Dunga, Kisumu, yamejaa kando ya ziwa, akina mama wanasukia mikeka, na watoto wanayapita kila siku bila kuyatazama. Nikawaambia Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mmea huu huu. Hawakuamini. Basi tukakata mabua matano.

Unamenya ganda la kijani, ndani unakuta moyo mweupe, laini kama sifongo. Unauchana vipande vyembamba kwa wembe (wembe nilishika mimi, si wao), unaviloweka, kisha unapanga safu moja ya wima na nyingine juu yake ya mlalo. Huweki gundi. Unagongagonga kwa mwiko, unafunika kwa kitambaa, unapandisha mawe juu. Mara ya kwanza tuliacha kitambaa kilekile siku nne, vikaota ukungu, darasa likanuka kama omena waliosahauliwa kwenye mfuko. Mara ya pili tukawa tunabadilisha kitambaa kila siku. Tulipata karatasi sita za kahawia, zimejikunja pembeni. Msichana mmoja ambaye sijawahi kuona akiinua mkono aliandika jina la nyanya yake kwenye moja, akaomba aende nayo nyumbani.

Hapo ndipo unawaambia maji ya ziwa hili yanatokea Jinja, yanashika Mto Naili mpaka Misri. Swali la "wanatuhusu nini" sijalisikia tena.

Mzee_wa_Kondele
Binti yangu, mafunjo ni sawa kabisa, ila usiishie hapo watoto wakadhani ziwa letu ndilo lililoilisha Misri. Mafuriko yaliyoleta ule udongo mweusi wa rutuba yalitoka milima ya Ethiopia, kwa Naili ya Buluu na Atbara. Maji yetu yanapita kwanza kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na sehemu kubwa inaishia hewani hukohuko. Kazi yake ni kuufanya mto usinyong'onyee miezi ambayo Ethiopia hakuna mvua. Nimefundisha miaka 31 kabla ya kustaafu, na kosa hilo nililifundisha miaka kumi ya kwanza bila aibu.

Nyar_Dunga
Asante mzee wangu, nimepokea. Kesho narekebisha.

Alama_Kwanza
Nyinyi mna muda wa kugonga mabua kwa miiko? Mimi natoa noti fupi na maswali ya miaka iliyopita, wanapita. Historia si sarakasi.

MamaDaftari
Na wakishapita wanakumbuka nini?

Alama_Kwanza
Kwani wewe madam unakumbuka nini?

Kijana_wa_Webuye
MamaDaftari, usimcheke Alama_Kwanza, mtihani haumngoji mtu. Mimi pia sina muda wa mabua, natumia kisa kimoja cha dakika kumi. Kulikuwa na kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme wa Misri, Deir el-Medina. Enzi ya Ramesses III, miaka ya 1150 KK hivi, posho yao ya nafaka ikachelewa. Wakaacha kazi, wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu wakidai chakula. Karani akayaandika yote kwenye mafunjo, na hati yenyewe iko Turin, Italia, mpaka leo. Ndio mgomo wa zamani zaidi tunaoujua kwa maandishi.

Simulia hapo, kisha uliza nani alikuwa na makosa. Mtoto wa Kenya hahitaji kuelezwa mgomo ni nini, walimu wake wameshamfundisha kwa vitendo. Wangu mmoja aliuliza kama mafundi walilipwa malimbikizo yao.

Section58
Chaki, wewe uko Lanet na unauliza? Hyrax Hill, kile kilima walichoishi watu wa kale, iko mlangoni pako! Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937. Kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Ukiwafikisha pale nyamaza. Waache wahesabu mashimo, wabishane lilichezwaje. Wajaluo watasema ni ajua, Wakikuyu watasema giuthi. Wakichoka ndio uwaulize: hawa hawakuacha hata neno moja la maandishi, sasa sisi tunawajuaje? Ukirudi darasani na Mesopotamia, watu walioandika kila kitu kwenye udongo hadi malalamiko ya shaba mbovu, tofauti wataiona wenyewe. Hayo malalamiko ni kweli, kigae kilitoka Uru, mji wa Mesopotamia, kina karibu miaka 3,750. Mteja alikuwa amekasirika sana.

Piga simu kwanza, usifike na watoto 52 ghafla.

Mzee_wa_Kondele
Na Hammurabi, mwalimu, usiandike 282 ubaoni. Chukua mbili. Ya 229: nyumba ikiporomoka ikamuua mwenye nyumba, aliyeijenga auawe. Wapige kura. Wakishapiga, wasomee ya 230: ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Halafu kaa chini.

Chaki_ya_Lanet
Narudi baada ya wiki mbili. Ratiba imekataa kubadilika, MamaDaftari.

Nilianza na sheria za mzee. Ya 229 nilihesabu mikono 41 imekubali. Majumba yanayoporomoka wanayaona kwenye habari. Niliposoma ya 230 kukawa kimya. Yule kijana wa dirishani, ambaye sikujua baba yake ni fundi wa mawe, akasimama: "Kwa hiyo hapo ningekufa mimi?" Jirani yake akamwambia baba yako angejenga vizuri basi. Hapo darasa likawaka. Wengine wakadai sheria ilitungwa ili fundi aogope, wengine wakauliza mtoto ana kosa gani, na mmoja akataka kujua kama tajiri naye angeuawa. Nikamwambia hilo ni swali zuri, kwa sababu adhabu za Hammurabi zilitofautiana kulingana na cheo cha mtu. Wakakasirika zaidi. Kengele ikalia sijaandika hata mstari mmoja.

Alama_Kwanza, siku ya Alhamisi niliwapa maswali yako. Hawakufanya vibaya, ingawa wanne waliandika insha nzima kuhusu sheria ya 230 na kusahau mengine.

Hyrax Hill tunaenda Ijumaa kwa miguu, nimeshapiga simu. Dada Nyar_Dunga, mafunjo huku sina. Yanaweza kusafiri kutoka Kisumu bila kunyauka?

Nyar_Dunga
Yanaweza. Nitayafunga kwenye gunia lililolowa, niyatie kwenye basi la alfajiri. Andaa vitambaa vingi, vya zamani, na usivitoe jikoni kwako. Harufu haitoki.