Sharti moja la kuchuja limewaondoa wakulima halali kwenye orodha ya pembejeo, na fundi anasema mfumo hauna kosa

Ndugu wana jukwaa, ninaandika kutoka Urambo, mkoani Tabora, nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Msimu huu orodha ya wanachama wanaostahili mbolea ya NPK 10:18:24 na CAN haikutoka kwenye daftari letu bali kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, na ilipobandikwa ukutani wazee walioanzisha chama hawakuwamo, ilhali waliojiunga juzi wamo wote. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza ni nani aliyeandika kwamba yeye amejitoa.

Hakuna aliyeandika hivyo, na hapo ndipo penye kosa. Fundi wa kampuni iliyopewa kazi alitakiwa kuwaacha nje wanachama waliojitoa, akaandika sharti la hali <> 'AMEJITOA', yaani hali ya uanachama isiwe AMEJITOA, akaridhika. Wanachama wa zamani taarifa zao zilihamishwa kutoka kwenye daftari la karatasi ambalo halikuwa na sehemu ya hali, kwa hiyo safuwima hiyo kwao iko tupu. Mtu wa kawaida angedhani kwamba asiyeandikiwa chochote hajajitoa na kwa hiyo atapita, lakini SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, haihesabu hivyo: pasipo na thamani pana NULL, na kulinganisha NULL na neno lolote hakutoi jibu la kweli wala la si kweli, bali jibu la tatu, yaani haijulikani, na WHERE, sehemu ya ombi inayobeba sharti, hupitisha zile rekodi tu ambazo jibu lake ni kweli. Chukulieni chama chenye watu 100, ambapo 60 wameandikwa HAI, 10 AMEJITOA na 30 hawakuandikwa kitu. Ukiomba wasiojitoa utapewa 60, ukiomba waliojitoa utapewa 10, na wale 30 hawatatokea upande wowote. Jambo hili linafundishwa kwa wanaoanza kusoma kanzidata; anayelipwa kwa kazi hii hana kisingizio cha kutolijua.

Tulipolalamika tuliambiwa kwanza kwamba mfumo uko sahihi na data zetu ndizo chafu. Baadaye wakarekebisha, na marekebisho yenyewe yakazidisha fujo, kwa sababu baada ya sharti la kuchagua chama chetu na lile la hali, waliongeza OR hali IS NULL (au hali iko tupu) mwishoni bila mabano. AND (na), inayounganisha masharti yale mawili ya kwanza, huhesabiwa kabla ya OR (au), kwa hiyo kila mwenye hali tupu katika jedwali zima alipita, awe wa chama chetu au asiwe. Orodha ya pili ikaja na watu wa Kaliua na Sikonge ambao hapa hakuna anayewafahamu. Mabano mawili tu, yakiyafunga pamoja masharti yote mawili ya hali, yangetosha kuzuia aibu hiyo!

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyejisumbua kuwatazama walioondolewa. Kila mtu hukagua waliobaki, kwa kuwa ndio wanaoonekana kwenye karatasi, wakati mkulima aliyechujwa kimakosa anagundua siku ya kugawiwa mbolea, kitalu chake kikiwa tayari na mvua zikikaribia, na kwa tumbaku kuchelewa kupanda ni hasara ya msimu mzima.

Ninawaomba wenye uzoefu wa mikataba ya mifumo ya namna hii watueleze hapa ni kipengele gani kinaweza kumlazimisha mkandarasi kutoa hesabu za waliopita, walioondolewa na wenye nafasi tupu, jumla yake ilingane na idadi ya wanachama wote, na kila jina lililoondolewa lionyeshe sababu yake. Orodha ya tatu tumeahidiwa Ijumaa, nami sitaigongea muhuri wa chama kabla hesabu hizo hazijawekwa mezani.