Linki yangu ya leza inakufa kila jioni, naombeni ushauri

kurunzi_ya_babu: Wakuu habari zenu. Nimeunganisha kompyuta mbili kwa leza nyekundu, mita 600, zinaonana kabisa hakuna mti wala ukuta katikati. Usiku data inapita safi, asubuhi pia, ila ikifika saa kumi jioni inakatika mpaka giza liingie. Nimebadilisha waya, nimebadilisha umeme, wiki nzima silali vizuri. Shida nini?

mzee_antena: Weka linki ya redio tu mkuu, achana na mataa.

nahodha77: Mie yangu iliuliwa na ukungu. Vile vitone vinatawanya mwanga kuliko hata mvua, siku hiyo natoka nje hata ukuta wa jirani siuoni, tangu hapo nina redio ya akiba.

dada_soda: Kipokeo kinatazama wapi?

kurunzi_ya_babu: Kwa mwenzangu ng'ambo.

dada_soda: Mashariki au magharibi mkuu?

kurunzi_ya_babu: Magharibi. Ila nguzo nishaimwagia zege, na lenzi nilichukua kubwa makusudi ikusanye mwanga mwingi, kwa hiyo kuhamisha haiwezekani.

dada_soda: Sasa si inakusanya na jua! Fotodayodi, kile kihisi cha mwanga nyuma ya lenzi, inajaa mwanga, leza haionekani tena. Siku jua likikaa sawasawa na lenzi litaiunguza.

msema_kweli: Hii chai. Kileza kifike mita 600? Mwale si ushatawanyika huko.

kurunzi_ya_babu: Unapanuka ndiyo, wangu kama miliradiani 1, yaani milimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo kule doa ni sentimita 60. Nilitandaza shuka jeupe usiku nikaliona kwa macho yangu, linachemka kama maji ya sufuriani, na upepo ukivuma linahama kiganja kizima. Chai iko wapi hapo?

mwl_fizikia: Anasema kweli. Bell, yule wa simu, na msaidizi wake Tainter mwaka 1880 walipeleka sauti mita 213 kwa mwanga wa jua wenyewe.

dada_soda: Usibomoe kitu. Weka bomba mbele ya lenzi, ndani paka nyeusi isiyong'aa, na filta inayopitisha rangi ya leza yako tu. Jua halizami palepale mwaka mzima, litakulenga siku chache, hizo funika lenzi jioni. Na usilenge kwa kuchungulia leza na darubini, utapofuka.

kurunzi_ya_babu: Lenzi ni sentimita 10, bomba liwe refu kiasi gani?

dada_soda: Anza na 50, isipotosha ongeza.

kurunzi_ya_babu: Kuna kipande cha bomba la maji hapa nje, nakikata sasa hivi kabla ya saa kumi.